Redio Haikuulizi Swali: Ya Makwale 2020 na Sisi Wasomi wa Vimbweta

Jumapili, saa tano usiku. Hosteli.

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Test zilikuwa mbili ndani ya wiki moja, bumu likaisha kabla ya wakati wake, na chumbani tuko sita kwenye vitanda vinne, kubebana kama kawaida, kwa hiyo hata mahali pa kuandikia ni pa kugombania. Nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya begi langu, mgongo ukutani, jamaa wa kitanda cha juu anakoroma kama mashine ya kukoboa.

Leo sina hadithi ya foleni ya ubwabwa wala ya nani kamwacha nani. Leo nina hasira, na imenikaa tangu Ijumaa.

Ijumaa tulikuwa na semina. Swali lenyewe lilikuwa zuri tu: shule zikifungwa, au hata likizo ikiwa ndefu, utafanyaje ili mwanafunzi wa sekondari aliyeko nyumbani asipoteze moyo wa kusoma? Kundi la kwanza likasimama na slaidi zinazong'aa. Jibu lao: kishikwambi kwa kila mwanafunzi, na programu yenye masomo yote ndani. Mtoto akijibu swali anapata nyota. Akifikisha nyota mia anapata beji. Akikaa siku tatu bila kufungua, kishikwambi kinampigia kengele. Darasa likapiga makofi. Na mimi nilipiga, nisiwe mnafiki. Halafu nikatoka, nikakaa kwenye kimbweta, nikaanza kujiuliza: hivi hiyo kengele ingelia wapi kule kwetu Makwale, Aprili 2020? Ndani ya sanduku la mama? Au shambani, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe?

Hapo ndipo nilipoanza kuchemka. Maana mwanafunzi anayezungumziwa kwenye zile slaidi nilikuwa mimi.

Nawaambia mapema ninakoelekea, msije mkasema nimewazungusha. Mwanafunzi aliyeko nyumbani hashikwi na chombo. Anashikwa na mtu ambaye kesho yake atamuuliza. Na mtu huyo vijijini kwetu yupo, tena wa bure. Mara nyingi ni mimi na wewe, na mara nyingi tumelala.

SIKU 104

Kwa waliosahau: tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake, Jumanne, Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kwamba shule zote, kuanzia awali mpaka kidato cha sita, zinafungwa kwa siku 30. Tarehe 18 ikawa zamu ya vyuo. Zile siku 30 zikaongezwa. Vyuo na kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni, sisi wengine tukarudi tarehe 29 Juni. Hesabu mwenyewe: siku 104.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Makwale, kwa msiopajua, ni Kyela, ile ile ya mchele mnaougombania sokoni. Tuko kwenye bonde la kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na milima ya Livingstone unaiona kwa mbali. Migomba, kakao chini ya migomba, mpunga kwenye tambarare. Na mvua. Mwezi wa nne kwetu mvua hainyeshi, inamwagwa. Njia ya asubuhi jioni imekuwa mto, na anayetoka Ipinda anafika nyumbani viatu mkononi.

Serikali haikukaa mikono mifukoni. Taasisi ya Elimu Tanzania waliandaa vipindi vya masomo, vikarushwa redioni na kwenye televisheni, na vitabu vya kusoma mtandaoni vilikuwepo. Nalisema hili kwa sababu kuna watu raha yao ni kusema hakuna kilichofanyika. Kilifanyika. Ninachouliza ni kilimfikia nani, na kilipomfikia kilimfanya nini.

Kwetu redio ilikuwa moja, ya babu, ya betri kubwa mbili. Babu alikuwa anasikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Baada ya hapo anazima, anazitoa betri na kuzianika juani zipate nguvu. Ungemlaumu? Miezi ile hela ya betri ndiyo hela ya chumvi. Simu ilikuwa ya mama, kitochi, na bando lingewekwa wapi kwenye kitochi?

Siku moja nikamwomba babu, akakubali. Kipindi kilikuwa cha Baiolojia, mwalimu anaeleza figo, Kiingereza kimenyooka, sauti nzuri, amejiandaa kabisa. Nilimfuata vizuri mpaka kama neno la kumi hivi, halafu akanipotea. Nikainua mkono. Msicheke. Niliinua mkono mbele ya redio, kwa mazoea tu. Babu aliangua kicheko mpaka akakohoa. Mwalimu akaendelea na figo zake.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na haujalishi chombo ni redio ya babu au kishikwambi cha shilingi laki tano. Redio haikuulizi swali, na wewe huwezi kuiuliza. Ukipotea imeendelea. Usipokuja kesho haina habari kwamba hukuja.

NYUMBANI NI KAZINI

Halafu kuna hili ambalo watu wa slaidi hawalijui, kwa sababu wanadhani mtoto aliyeko nyumbani amekaa sebuleni anachezea vidole. Kwetu nyumbani ni kazini. Mpunga ukitoa masuke ndege wanakuja, na kuamia ndege ni kazi ya watoto, toka jua halijachomoza mpaka linazama, kombeo mkononi na makopo ya kugonga. Mwezi wa tano na wa sita mpunga unaanza kukatwa. Shule zilifungwa katikati ya msimu. Mzazi mwenye watoto watatu nyumbani na shamba limeiva, unataka awaambie wakae wasome? Asipovuna, hiyo daftari ya Januari atainunua kwa nini?

Kwa hiyo naomba ule wimbo wa "wazazi wa vijijini hawajali elimu" tuuzike leo. Mama yangu aliuza debe la mpunga ambalo lilikuwa letu la kula ili nipate sare ya shule. Anajali kuliko nyinyi wote mliopiga makofi Ijumaa. Alichokosa ni namna ya kunisaidia figo. Yeye aliishia darasa la saba, na mambo ya sekondari yote yameandikwa kwa Kiingereza. Nyumba nzima hakukuwa na mtu wa kumwuliza neno moja, na nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo mpaka leo. Mtoto wa shule ya msingi ataulizia nyumbani, maana vitabu vyake ni vya Kiswahili. Wa sekondari amefungiwa mlango na lugha.

KAKA WA UCHANJANI

Sasa sikilizeni kilichonifanya mimi nifike kwenye kimbweta hiki.

Jirani yetu kulikuwa na kaka mmoja, simtaji, alikuwa mwaka wa pili chuo, anasoma uhasibu. Naye alirudishwa na korona kama sisi. Wiki za kwanza alikuwa kama sisi wote tukirudi likizo: kulala mpaka saa nne, kutembea na vidude vya masikio, kuwaeleza watu habari za mjini. Siku moja katikati ya Aprili tumekutana bombani. Nikamwamkia. Akaitikia, halafu akaniuliza, "Leo umesoma nini?" Nikasema sijasoma. Hakunihutubia. Akasema, "Haya, kesho nitakuuliza tena," akabeba ndoo yake akaondoka.

Nikadhani maneno tu. Kesho yake akaniuliza kweli.

Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja usiku kwa taa ya sola, kwa kuogopa aibu tu. Nikamwambia nilichoelewa, na nikamwambia neno lililonishinda. Na yeye lilimshinda! Akacheka, akasema tumtafute atakayelijua. Ndivyo ilivyoanza. Baada ya wiki mbili tulikuwa vijana wanane, kila siku saa kumi na moja jioni, nyumbani kwao, kwenye uchanja wa kuanikia kakao ukishaanuliwa. Ndoo ya maji na sabuni kwenye kona, tunanawa, tunakaa mbalimbali.

Hakufundisha kitu. Kemia alikuwa ameshaisahau yote. Alichofanya ni hiki. Kila mtu anasema jambo moja alilosoma na jambo moja lililomshinda. Lililokushinda linazungushwa: wa kidato cha tatu anamweleza wa cha pili, wa cha nne anamweleza wa cha tatu. Kueleza ni kwa Kiswahili, ukikwama hata kwa Kinyakyusa, halafu mnalirudisha kwenye Kiingereza na kuliandika, kwa sababu mtihani ndiyo lugha yake. Mwisho anakupa swali lako kwenye kikaratasi, la kwako peke yako, na kesho unaulizwa hilo hilo.

Figo nilizielewa pale. Aliniambia nimweleze dogo wa kidato cha pili, nami nikahangaika weee, mwisho nikasema: umewaona wazee wanavyokunywa kimpumu kwa mrija, machicha yanabaki kwenye chungu? Basi damu nayo inachujwa hivyo. Dogo akaelewa, na mimi ndipo nikaelewa. Kwenye mtihani nikaliandika kwa Kiingereza bila kigugumizi.

Watu walikuwa wanakuja hata kwenye mvua, jani la mgomba kichwani. Mtu ameshinda shambani toka alfajiri, mgongo unauma, lakini anakuja. Kwa nyota gani? Kwa beji gani? Alikuwa anakuja kwa sababu kuna kikaratasi mfukoni chenye swali lake, na kuna watu saba wanaomjua kwa jina watakaoona asipotokea.

Tarehe 1 Juni vyuo vikafunguliwa. Kaka akapanda basi. Sisi tulijitahidi siku tisa. Siku ya kumi tukaambiana "kesho". Hiyo kesho hatujaiona mpaka leo.

MDOGO WANGU

Hapa ningependa kunyamaza, lakini nikinyamaza nitakuwa nimewauzia hadithi nusu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha kwanza. Alianza Januari 2020, kwa hiyo shule zinafungwa ana miezi miwili na nusu tu ya sekondari. Ule Kiingereza wa kuanzia ndiyo kwanza unaanza kumwingia. Yeye ndiye aliyehitaji uchanja kuliko sisi wote.

Hakuja hata siku moja. Saa kumi na moja jioni kwetu ni saa ya maji, kuni na jiko. Wanane tuliokuwa uchanjani tulikuwa wavulana watupu. Kaka msomi hakuuliza wasichana wako wapi. Na mimi, niliyekuwa nikitoka pale nakuta wali uko mezani, sikuuliza wali umepikwa saa ngapi na nani.

Tarehe 29 Juni alirudi shule, lakini ulirudi mwili tu. Madaftari yalikuwa safi kama yametoka dukani. Wenzake wa mjini walikuwa wameendelea, walimu wana mwaka wa kuumaliza kwa miezi iliyobaki, nani angemsubiri? Novemba 2021 akafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, hakuvuka. Akaambiwa arudie. Alirudia wiki tatu, akaacha. Hakuna aliyemfukuza. Alikatika taratibu kama uzi, na uzi ulianza kuliwa zile siku 104.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani. Nimemkuta anapepeta mchele. Nikajifanya mtafiti, nikamwuliza hivi wewe mwaka ule wa korona ilikuwaje ukakata tamaa. Hata hakuacha kupepeta. "Kaka, nyie mlikuwa mnaulizwa maswali. Mimi nilikuwa naulizwa maji yako wapi."

Sasa mnaelewa kwa nini nyota na beji zilinichefua.

MTASEMA HUO NI UCHANJA MMOJA

Najua wasomi, mtadai takwimu. Haya.

Nchi hii hii, mwaka 1973, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitumia redio, na tulikuwa na redio chache kuliko 2020. Lakini hawakuiachia redio ifanye kazi peke yake. Waliwapa mafunzo viongozi wa vikundi wapatao 75,000, vijijini na mijini. Kikundi kinakaa pamoja, kinasikiliza kipindi, kinasoma kijitabu, kinajadili, halafu kinaamua wiki hii tunafanya nini: tunachimba vyoo, tunafyeka vichaka, tunachemsha maji. Wakashiriki watu karibu milioni mbili. Mwaka 1975 wakarudia kwa Chakula ni Uhai. Watu wazima, wengi wao hawajui kusoma vizuri, jioni wamechoka na jembe, lakini waliendelea kuja. Babu yangu anakumbuka. Ukimwuliza kipindi kilisema nini, hakumbuki. Ukimwuliza nani alikuwa kiongozi wa kikundi chao, anakutajia jina, na jina la baba yake, na shamba lake lilipokuwa.

Yaani dawa tulikuwa nayo kabatini tangu 1973. Mwaka 2020 tukachukua redio tukaacha kikundi.

Nendeni Botswana. Mwaka huo huo wa 2020 watafiti walifanya jaribio kwenye kaya zaidi ya 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi. Wengine walitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Wengine walitumiwa ujumbe huo huo, halafu mwalimu akawapigia simu mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20, kitochi cha kawaida tu. Wale wa ujumbe mtupu hawakuonyesha maendeleo ya maana. Waliopigiwa simu waliongezeka uwezo wa hesabu. Maswali yalikuwa yale yale. Kilichozidi ni mtu.

Nisiwafiche upande wa pili: Sierra Leone nao walijaribu walimu kupiga simu, watoto wakajishughulisha zaidi na masomo, ila matokeo ya mitihani hayakupanda. Kwa hiyo simu peke yake nayo siyo muujiza. Lazima anayeuliza ajue mtoto amekwama wapi, na mtoto awe na wa kumweleza. Lakini hata hapo, kwenye lile swali letu la Ijumaa la kumfanya mtoto asiachie masomo, sauti ya mtu ilifanya kazi.

Na majirani zetu walifunga muda mrefu kuliko sisi. Kenya madarasa mengi yalirudi Januari 2021. Uganda walifungua kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili. Redio zilikuwepo, televisheni zilikuwepo. Ukiongea na jamaa zetu wa Uganda hapa chuoni watakwambia wangapi waliokuwa nao darasani hawakurudi.

MAJIBU KWA WABISHI WANGU

Mshikaji wangu wa chumbani nimemsomea haya, akaja na hoja tatu. Nazijibu hadharani.

La kwanza: "Hiyo ni kazi ya Serikali." Sawa, na tuendelee kuidai: vitabu, walimu wa sayansi, umeme, yote. Lakini shule za sekondari zinafungwa kila Juni na kila Desemba, korona au bila korona. Mvua kubwa ikikata njia kule Kyela, mtoto anakaa nyumbani siku kadhaa na hakuna anayetangaza. Wiki zile Serikali haitakuja uchanjani, na hata ingetaka haina mtu pale. Wewe upo pale. Umelala.

La pili: "Unapinga teknolojia." Sipingi. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 walikabidhiwa walimu, nami nafurahi. Kama una kimoja, kimpe kiongozi wa kikundi, watu wanane wakizunguke. Kama una redio, wekeni katikati. Ila usimpe mtoto chombo ukamwacha nacho peke yake halafu ukasema umemfundisha. Hata wewe mwenye simu ya maana na bando la chuo, ni kozi ngapi za mtandaoni umezianza ukamaliza? Mimi tatu nimeanza. Msiniulize nilizomaliza. Lakini semina ya Ijumaa sikosi, maana jina linaitwa.

La tatu, na hili ndilo liliniuma: "Na wewe umefanya nini?" Alinishika pabaya. Nimeingia chuo 2024. Nimerudi nyumbani likizo zote. Nimelala mpaka saa nne. Nimetembea na vidude vya masikio. Nimewaeleza watu habari za mjini. Vijana wa kidato cha pili na cha tatu wamepita mbele ya nyumba yetu na madumu ya maji wakaniamkia "shikamoo kaka", nikaitikia "marahaba", na swali la bombani sikuliuliza hata siku moja. Mimi, niliyeokolewa na swali hilo! Sasa nani ana makosa zaidi, kundi la slaidi ambalo halikujua, au mimi niliyejua?

Kwa hiyo polemiki hii naiandika dhidi yangu kwanza. Halafu dhidi yako.

BASI TUFANYEJE

Krismasi tunarudi. Sekondari nazo zimefungwa Desemba mpaka Januari. Hatuna haja ya mradi, wala fulana, wala kuandikia mfadhili. Nimekaa nikatoa mambo manne tu kwenye makosa ya uchanja wetu na mazuri yake.

Saa. Kabla hujapanga saa, waulize wasichana wana nafasi saa ngapi. Saa yoyote ambayo wao hawawezi, siyo saa ya kikundi, hata kama wavulana wote wanaipenda. Na wavulana wafundishwe kuteka maji. Haitawaua.

Swali. Kila mtu aondoke na lake, kwenye karatasi, na aulizwe kesho. Usipomwuliza siku mbili umeshampoteza.

Lugha. Waeleweshane kwa lugha wanayoiota usiku, halafu waandike kwa lugha ya mtihani. Usiwatishe na Kiingereza chako cha chuo. Tunakijua kilivyo.

Mrithi. Hili ndilo lililotuua siku ya kumi. Kaka aliondoka na funguo. Wewe siku ya kwanza tu chagua mwanafunzi mmoja, bora msichana wa kidato cha tatu, awe anauliza yeye na wewe umekaa pembeni. Ukipanda basi kurudi chuo, kikundi kisijue hata umeondoka. Ukiwa huku, piga simu mara moja kwa wiki, kwenye kitochi cha mama yake, dakika kumi na tano. Hela ya chipsi mayai moja inatosha.

Basi. Sijasema tutageuza nchi. Uchanja wetu ulikuwa na watu wanane. Mwaka 1973 vikundi vilikuwa maelfu kwa sababu kila kiongozi aliangalia watu wake wachache tu.

Jana jioni nimempigia mdogo wangu. Nikamwambia nakuja Krismasi, nataka kuanzisha kikundi pale nyumbani, achague saa yeye. Akakaa kimya kidogo. Akasema saa nane mchana: vyombo vya mchana vimeshaoshwa, na maji ya jioni bado. Saa nane! Mwaka 2020 saa nane ilikuwepo pale pale, na sisi hatukumwuliza mtu.

Halafu akaniuliza kama asiyekuwa mwanafunzi naye anaruhusiwa kukaa.

Nilishindwa kujibu haraka, wadau. Nikamwambia QT bado ipo, anaweza kusoma na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akasema hayo ya QT tutaongea nikifika, yeye anauliza kukaa tu kwanza. Nikamwambia akae, na swali la kwanza atauliza yeye.

Mlioko Kyela, kuanzia Ipinda mpaka Matema, na nyinyi wa kwingine kokote mnaorudi nyumbani, niandikieni nani yuko tayari na kijiji gani. Wabishi nao waje, nipo. Ila ukija kubisha, njoo na jina la mtoto mmoja uliyemwuliza swali likizo iliyopita. Kama huna, tuko sawa mimi na wewe, tuanze pamoja.

Ngoja nilale, kesho saa moja kuna kipindi na jina linaitwa.